Siku Mama Alipopanda Juu ya Paa

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka kichwani, na kila upepo wa ziwani ukianza kupiga mluzi kwenye kona za nyumba, inanirudia yote. Nakuhadithia leo kwa sababu nimesikia umenunua ile nyumba ya zamani huko mlimani, na nimesikia pia kuna watu wameshakuja kukuambia paa lako limekwisha. Watu gani hao? Usinijibu. Nisikilize kwanza, halafu utajijibu mwenyewe. Unanijua sina subira, uzee haukunipa hata robo yake, kwa hiyo sitakuzungusha.

Tulikuwa Makindye, mlima mmoja wa Kampala. Vita vya Uganda vilikuwa vimeisha zamani, watu wanajenga, kila mlima una sauti ya nyundo. Vya kwetu Kongo ndiyo kwanza vilikuwa vimewaka, na mama yangu alikuwa ametoka Bukavu na mimi, wadogo zangu, na marobota ya vitenge. Tulianza kwenye muzigo, vile vyumba vya kupanga vya mlango mmoja, ukuta mnagawana na jirani, yeye akikohoa wewe unasema pole. Mama akauza vitenge, akauza, akajinyima, mpaka akanunua nyumba ndogo ya zamani kwenye mteremko unaotazama ziwa. Haikuwa nzuri. Plasta ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Lakini ilikuwa yetu, na chumba cha nyuma ndicho kilikuwa ghala: vitenge vyote vya mama, mtaji wake wote, vilipangwa humo mpaka karibu na dari. Paa likifa, vitenge vimekufa, na sisi tunarudi kwenye muzigo kumsikiliza jirani akikohoa. Hilo kila mmoja wetu alilijua bila kuambiwa.

Mimi nilikuwa ndiyo nimemaliza sekondari. Unamjua mtu aliyemaliza sekondari juzi. Nilikuwa najua kila kitu, na kila kitu kilikuwa kinachelewa. Jioni nilikaa na daftari naandika makosa ya watu, moja moja, na kupiga mstari chini.

Na tulikuwa watu wa kushuku, nyumba nzima. Mkimbizi anajifunza hivyo: mtu akikuuliza unatoka wapi, wewe unajiuliza anataka nini. Mama alimshuku askari, alimshuku mwenye duka, alishuku mpaka maziwa, anachovya kidole kwanza aone kama yameongezwa maji. Watu wa kwetu peke yao ndio hakuwashuku, na zaidi watu wa kwetu wa kanisani. Hapo macho yake yalikuwa yanafumba, kama mtu anayesali.

Basi mvua ile ilikuja mchana. Kwanza joto likakaza, kuku wakaingia ndani wenyewe bila kufukuzwa, halafu ziwa likawa jeusi. Upepo ukapanda mlima, nyuma yake mvua ya mawe, na kelele juu ya mabati ikawa kubwa hata mtu akikupigia ukelele sikioni humsikii. Paa la vyumba vya kupanga pale chini yetu liliondoka zima. Tuliliona linapita juu ya migomba likipepea kama mkeka unaokung'utwa. Kwetu ilikuwa kona moja ya chumba cha nyuma. Inainuka, inapiga. Inainuka, inapiga. Mama alikuwa amelala kifudifudi juu ya marobota, amenyoosha mikono, kama anayazuia yasiruke.

Mvua ilipokatika tulikuwa na kona moja iliyoinuka, vitenge vichache vimelowa, na paa bado lipo. Shika hilo, mwanangu. Paa bado lilikuwepo.

Kesho yake mlima ulijaa ngazi. Mvua ikivunja, mafundi wanaota kama uyoga. Wanapita nyumba kwa nyumba, ngazi begani, wanatazama juu, wanatikisa kichwa, wanakuhurumia kabla hawajakusalimia. Mama aliwafukuza wote. Mmoja akasema, "Nnyabo," yaani mama kwa Kiganda, "niangalie tu, bure." Mama akamwambia, "Bure naijua, tumetoka nayo mbali. Pita."

Nilimpenda mama siku ile. Halafu akaja Elie.

Elie alikuwa mtu wa Bukavu kama sisi, ndugu wa kanisani, ndiye aliyekuwa na ile sauti nzito ya chini kwenye kwaya. Ufundi wa paa alikuwa nao kweli, sisemi hakuwa nao. Alikuja na shati la kupigwa pasi.

"Bwana asifiwe, Mama Riziki." Riziki ndiyo mimi.

"Asifiwe, ndugu yangu. Unaona vile tumeponea."

"Naona, na ndiyo maana sikulala. Nikasema, yule dada yetu ni mjane, nani atamwangalilia paa? Hawa watu wa hapa watamkula."

Watu wa hapa watamkula. Mwanangu, mtu akianza mazungumzo kwa kukutisha na watu wengine, acha kutazama alikoelekeza kidole, tazama mkono wake wa pili unafanya nini.

Akaegesha ngazi. Akatuambia tuingie ndani, tusije tukaangukiwa na kitu. Tukakaa ndani tunasikiliza nyundo: ko, ko, ko. Halafu kimya. Halafu ko, ko.

"Mama, anagonga nini?" nikauliza. "Si amesema anakagua?"

"Na daktari hagongi kifua chako?" mama akanijibu. "Kaa chini."

Alishuka na kutu imejaa kwenye kiganja. Akashika mkono wa mama, akaimimina humo, taratibu, kama mtu anayempa mfiwa udongo wa kutupa kaburini.

"Hii ndiyo paa yako, mama. Mabati imekwisha, imeoza. Mvua moja tena, inaenda, na ikienda inabeba mbao pia."

Mama akakaa kwenye kizingiti. "Sasa tutafanya je?"

"Kazi sitaki kitu. Nitakufanyia kwa jina la Bwana. Wewe ununue mabati mpya tu, ile ya buluu, najua duka moja Old Kampala wataniuzia vizuri. Na hii ya zamani nitakuondolea hapa uwanjani, isije ikakata watoto. Nitakuja na pikapu."

Nieleze jambo moja hapa. Kampala ile kulikuwa na desturi, na sidhani kama imekufa: mabati ya zamani ni ya fundi. Akiyashusha, ameyabeba. Hakuna anayeuliza, kama vile siku ya sikukuu hakuna anayemuuliza mchinjaji ngozi imekwenda wapi. Sasa fikiria wewe mwenyewe. Mtu anayeamua kama mabati yako yamekufa ndiye huyo huyo anayeyarithi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini siku ile hakuna aliyelifikiria hilo. Mama alikuwa anamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa tayari naiona buluu, nyumba yetu inang'aa mlimani, wenzangu niliosoma nao wanapita wanauliza ni ya nani.

Sasa, upande wa pili wa michongoma alikaa Mzee Wafula. Mkenya wa kule Busia, alikuja Kampala kijana kutafuta kazi ya mshahara, akazeekea hapo hapo, mke amefariki, amebaki na bata mzinga wake. Kwao jina la Wafula anapewa mtoto aliyezaliwa msimu wa mvua, na uso wake ulikuwa hivyo hivyo, uso wa mtu anayengoja kunyeshewa. Tangu mvua ile alikuwa anatoa kiti chake, anakiweka mahali pamoja, anatazama paa letu. Ziwa lilikuwa pale pale zuri kabisa, yeye wala halitazami.

"Yule mzee anatafuta nini juu ya nyumba yangu?" mama aliuliza kila asubuhi.

Mimi nilikuwa nimeshaamua: anataka mabati ya banda la bata mzinga. Niliandika hata kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini.

Siku ile Elie alipoondoka tu, mzee akasogea kwenye michongoma.

"Mama Riziki, hodi ya kwenye miiba. Huyo jamaa wa ngazi amesema nini?"

Mama akajifanya anaanika vitenge. Nikajibu mimi. "Amesema paa limeoza."

"Ameoza yeye. Hiyo bati usitoe."

"Kwa nini?"

"Ni bati ya zamani, nene. Hapa Katwe wale wanaogonga masanduku ya shule wanaitafuta kama dawa. Wewe umeiona?"

"Ndugu Elie ameiona."

"Mimi nimekuuliza wewe."

Hapo nikawaka. "Mzee, samahani. Tangu juzi umekodolea nyumba yetu macho kama unataka kuioa. Kama unataka haya mabati kwa ajili ya bata wako, sema. Wewe unapata nini hapa?"

"Riziki," mama akasema, bila kugeuka, kwa ile sauti ambayo kofi linafuata.

Mzee Wafula hakukasirika. Alitoa mwiba kwenye mkono wa sweta yake, akautazama, akautupa.

"Mama Riziki, usimpige. Hilo ni swali zuri. Ila nauliza, mbona mnaniuliza mimi peke yangu? Yule wa shati la pasi mlimpa chai. Mlimuuliza?"

Mama akaacha kuanika.

"Mimi nitajibu. Upepo wa ziwa unapita kwako kwanza, ndiyo unakuja kwangu. Bati yako ikiruka haiendi Bukavu. Inaanguka hapa, kwa kichwa ya Wafula. Ile bati mpya nyembamba unaweza kukunja na goti, nimeona. Ikipaa inakuja kama panga. Kwa hiyo nikiangalia paa yako naangalia kichwa yangu. Nataka ukae na bati nzito, na msumari wa kushika. Hiyo ndiyo faida yangu, sifichi. Sasa nitajie ya yule."

Halafu akanigeukia mimi, na hili ndilo karipio ambalo nimelibeba mpaka leo. Hakupandisha sauti.

"Binti, umesoma, si ndiyo? Wewe unashuku watu siku nzima. Unashuku Mganda, unashuku Mkenya, unashuku mzee na kiti chake. Lakini kitu chenyewe hujaenda kukiona. Kushuku namna hiyo ni uvivu. Ngazi iko kwangu nyuma ya banda."

"Apande?" mama akasema. "Mtoto wa kike?"

Nnalongo, jirani yetu wa upande wa barabara, Muganda, mama wa mapacha, alikuwa anapita na ndoo, akasimama. Wala hakuitwa. "Mwanamke kupanda juu ya nyumba? Banange, jamani. Kwetu ni muzizo, hata watoto wanajua."

Muzizo ni mwiko. Kwetu pia uko, usidhani ni Waganda tu. Mzee Wafula akakubali. "Kwetu pia. Mke akipanda juu ya nyumba ya bwana wake, wazee wanadai kondoo." Akakuna kidevu. "Lakini hii nyumba ni ya bwana gani?"

Nnalongo akatua ndoo. Baba yetu alikuwa amelala Bukavu, chini ya udongo. Nyumba ilikuwa imenunuliwa kwa vitenge.

Mwanangu, mimi sicheki miko ya wazee, mingine imetuokoa. Ila angalia ule ulivyokuwa umegeuzwa mfuko wa watu. Mji ulikuwa umejaa wajane wenye nyumba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona paa lake. Fundi anapanda, anashuka, anasema anachotaka, kama mtu pekee aliyefika mbinguni akarudi. Nani atambishia?

Asubuhi nikavaa suruali ya marehemu baba, nikaifunga kiunoni na kitambaa, nikapanda. Mama alikuwa chini anasoma zaburi kwa haraka haraka.

Nilichokiona kilikuwa hivi. Mabati ni mazito, ukibonyeza na kidole gumba hayarudi ndani. Rangi nyekundu ya zamani imefifia, kutu ipo, lakini imekaa kwenye kingo na kwenye vichwa vya misumari, juu juu, ukikwaruza unakuta chuma kizima. Kwenye kona ile iliyoinuka misumari ilikuwa imelegea, mingine haipo. Halafu, katikati ya paa, mahali ambapo mvua haikugusa kitu, matundu. Yamepangwa kwenye mstari, ya pembe nne, na kingo zake zinang'aa kama kijiko kipya. Tundu la zamani, mwanangu, lina rangi ya kahawia, limeota kutu kuzunguka. Tundu linalong'aa limezaliwa juzi. Na kwenye gata, ule mfereji wa bati wa ukingoni unaopokea maji, kulikuwa na matope ya kutu na majani ya miaka mingi, na mahali pamoja pamekwanguliwa. Alama za vidole vinne bado zipo.

Nikashuka, nikamwambia mama yote. Unadhani aliniamini?

"Wewe humpendi Elie tangu zamani. Mawe ya mvua yanatoboa."

"Yanabonyeza, mama. Hayatoboi pembe nne."

"Ulisomea ufundi lini?" Akakunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Mtu wa kwetu, Riziki. Tumekula naye. Kama na yeye..."

Nilielewa baadaye kwamba alichokuwa anaogopa hakikuwa mvua. Tulikuwa tumebaki na watu wachache wa kuamini, na mimi nilikuwa namnyang'anya mmoja.

Elie akarudi na pikapu na dereva, siku ya Jumamosi, jua limetoka. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Mama akatoka amevaa kitenge cha Jumapili, amejifunga kingine katikati ya miguu kama suruali, ameinua mabega kama mtu anayekwenda kubatizwa.

"Ndugu Elie, kabla hujashusha kitu, nishikie ngazi."

"Mama?"

"Nataka kuliaga paa langu."

"Mama Riziki, hapana. Mwanamke juu ya paa, unaleta laana kwa nyumba."

"Laana ya nyumba yangu nitaijibu mimi. Shika vizuri, mimi ni mzito."

Kutoka barabarani nikamsikia Nnalongo. "Mama Liziki anapanda wapi? Banange, njooni muone."

Watu wakaanza kusogea. Elie alikuwa ameshika ngazi, na kwa kuwa ni mtu wa heshima, mama wa watu akiwa juu yake, ilibidi atazame chini, viatu vyake mwenyewe. Mzee Wafula aligeuza kiti, akawapa mgongo. Wanaume wote pale uwanjani walikuwa wanachunguza udongo. Ni mimi na Nnalongo tu tuliomwona mama akitambaa juu ya mabati, mkono, goti, mkono, goti, mpaka akafika katikati, akaketi. Akaingiza kidole kwenye tundu. Akakitoa. Akaingiza kwenye la pili.

Dereva akazima injini.

"Ndugu Elie."

"Naam, mama."

"Mvua ya mawe ya Makindye, siku hizi inakuja na pembe nne?"

Dereva ndiye aliyecheka kwanza, akakohoa kuficha.

"Mama, mimi sikuelewi."

"Haya matundu. Yamepanga mstari kama watoto wa shule. Mimi mvua yenye adabu hivyo sijawahi kuiona. Na hapa kwenye gata kuna mtu ameacha vidole vyake. Unyooshe mkono nipime?"

"Shetani anataka kututenganisha, mama."

"Shetani hana patasi, ndugu yangu."

Elie akaachia ngazi. Niliidaka mimi. Akapangusa mikono kwenye ile suruali yake nzuri, akasema, "Tutaombeana," akaingia kwenye pikapu, na pikapu ikaondoka tupu. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, ila Nnalongo alimsindikiza kwa maneno mpaka kwenye kona, na ya Nnalongo sitayarudia.

"Mama, shuka," nikamwambia.

"Ngoja kidogo," akasema kutoka juu. "Sikujua ziwa linaonekana lote hivi."

Jumapili Elie aliimba kama kawaida, na mama aliimba kwa nguvu zaidi yake. Hakusimama kumshtaki mbele ya watu. Alichofanya, wiki ile nzima alizunguka kwa wajane wa kanisani, mmoja mmoja, anauliza: paa lako umeliona wewe, au umeambiwa? Wengine walimfungia mlango. Mmoja alikuwa Dada Veronika, ambaye Elie alikuwa ameshambadilishia paa. Kwake pameshawekwa buluu, inang'aa, na ile nene imekwenda. Yeye alimwambia mama ni wivu.

Sisi tukatafuta fundi mwingine, Muganda wa Wandegeya, mtu ambaye hatumjui hata ukoo. Mama alimshuku tangu anafungua mkoba. Alipanda ngazi nyuma yake, akakaa pale juu kazi nzima, kila msumari anauomba aushike kwanza, anautazama kama una raba chini ya kofia yake, ile raba inayozuia maji yasifuate msumari kuingia ndani.

Fundi akachoka. "Nnyabo, mbona unaniangalia kama mwizi?"

"Sikuangalii wewe, ssebo. Naangalia msumari."

Yule fundi akafikiri kidogo, halafu akacheka, na baada ya hapo akawa anamwonyesha mwenyewe kabla hajaombwa. Waliziba matundu ya Elie kwa vipande vya bati na lami. Kona ile wakatoa mbao moja iliyoliwa na mchwa, wakaweka nyingine, wakaifunga kwa waya mpaka kwenye ukuta. Gata likasafishwa. Hakuna kilichokuwa kipya, na nyumba ilikuwa mbaya vile vile.

Halafu mvua nyingine ikaja, ya usiku kucha, mbaya kuliko ile. Chumba cha nyuma kilivuja mahali pamoja, tukaweka beseni. Basi. Asubuhi Dada Veronika alikuwa mlangoni na watoto wake, wamelowa mpaka mifupani, buluu yake imetawanyika kwenye mashamba ya watu. Mama aliwafungulia ghala. Alisogeza marobota, wakalala humo katikati ya vitenge mpaka walipopata pa kukaa. Mzee Wafula naye akaja kwenye michongoma, akatazama paa letu, akatazama bata wake wote wazima, akasema, "Kichwa yangu iko," akarudi kulala.

Sasa mwanangu, nikwambie wazi, maana huko mlimani kwako upepo ni ule ule.

Paa usilikumbuke mvua ikianza. Panda mwenyewe wakati wa jua, kabla ya masika na tena kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Kama ni mwanamke panda, kama ni mwanamume panda, kama miguu imechoka, pandisha mtu wa damu yako mwenye macho. Gusa misumari. Unaotikisika leo ndio mlango wa upepo kesho. Toa majani kwenye gata, kwa sababu maji yakikosa njia yatapita kwako ndani. Choma mbao kwa ncha ya kisu, kisu kikizama kama kwenye mkate, mchwa wamekutangulia. Tawi linalolalia paa, likate. Na usirundike mawe na matairi juu ya bati lililolegea kama wengi wanavyofanya. Jiwe halishiki paa, linasubiri tu siku ya kukuangukia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dhoruba ikikupiga, siku ile usikubali kitu kwa mtu yeyote. Funika kwa turubai, kausha vitu, lala. Anayekuharakisha anajua kwamba ukilala utaamka na akili. Mabati ya zamani yasitoke uwanjani kwako mpaka umeyakunja kwa mkono wako ukaona yamekufa kweli. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na tundu, tazama rangi yake.

Na kushuku, mwanangu, shuku, sikukatazi. Mimi nimeishi kwa kushuku. Lakini usishuku kabila la mtu, wala lafudhi yake, wala usimsamehe kwa sababu anasali kama wewe. Hayo hayazuii mvua. Shuku msumari, shuku mbao, shuku bati, na uende ukavione. Kisha kila anayekupa shauri muulize anapata nini, na umuulize kwa heshima kuliko nilivyouliza mimi. Wa kwenu muulize kwanza. Ukimpata mtu ambaye paa lako likiruka litamwangukia yeye, huyo mvumilie, hata kama anakukodolea macho kila siku.

Nenda basi. Ngazi yangu ichukue, ni nzito lakini haiyumbi. Mungu akupe nyumba kavu na usingizi usiosikia mvua. Wageni wakikukimbilia wamelowa, wakute una pa kuwaweka. Na siku utakayokaa pale juu ukaona nchi yote chini yako, usishuke haraka.